Kebo mpya ya IEM: itabadilisha sauti kweli, na uchague ipi?

"Habari mtaalamu. Nina IEM za waya, yaani spika za kuingia ndani ya sikio, zenye draiva (vispika vya ndani) tano kila upande, moja dainamiki ya besi na BA nne (balanced armature, aina ndogo zaidi ya draiva), kwenye boksi wameandika ukinzani wa omu 14. Kebo iliyokuja nayo ni nyembamba sana na siku hizi upande wa kulia unakatakata nikigeuza shingo. Halafu sauti naiona kama imefunikwa na kitambaa, waimbaji wako mbali, besi haina uzito kama zamani. Nimesoma sana, wapo wanaosema kebo ya fedha inafungua sauti za juu na ya shaba inaleta besi, wengine wanasema nihamie balansi, yenye jeki ya milimita 4.4, ndo nitasikia tofauti. Nasikilizia simu kwa adapta ndogo ya USB-C yenye tundu la milimita 3.5. Kuna kebo moja ya fedha naitamani sana lakini bei yake inakaribia bei ya IEM zenyewe. Ninunue? Na kama sio hiyo, nichague kwa kuangalia nini?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika kwa kirefu namna hii, umenipunguzia sana kazi ya kubahatisha. Nikikusoma naona una shida mbili na wewe umezifanya moja. Ya kwanza ni huku kukatakata kwa upande wa kulia, hiyo ni hitilafu, ipo, na dawa yake inajulikana. Ya pili ni sauti kufunikwa na besi kupungua, na hapo ndo nataka twende polepole, maana wewe umeshaihukumu kebo tayari lakini mimi kwa dalili ulizotaja naiona kebo kama mtuhumiwa wa tatu au wa nne hivi. Kwa hiyo jibu la haraka ni kwamba kebo mpya huenda unaihitaji, ila ile ya fedha achana nayo, na kabla hujatoa hela yoyote kuna vipimo vidogo nataka ufanye nyumbani kwa sababu inawezekana kabisa ukanunua kebo nzuri na sauti ikabaki imefunikwa vile vile.

Anza na hili la kukatakata. Kaa mahali pametulia, chomoa kebo pande zote mbili kwenye IEM, afu irudishe kwa kugeuza, mdomo wa kebo uliokuwa kulia uende kwenye IEM ya kushoto na wa kushoto uende kulia. Mkunjo wa kuzunguka sikio utakaa vibaya, vumilia, ni dakika chache tu. Weka mtu anaongea, sio muziki, maana kwenye sauti ya mtu anayeongea mfululizo kukatika kunasikika mara moja, kisha shika kebo na uitikise taratibu, anza pale inapotokea kwenye jeki, panda mpaka pale inapogawanyika mara mbili, malizia karibu na sikio. Kukatika kukihamia kushoto ujue IEM yenyewe ni nzima na tatizo liko kwenye kebo au kwenye adapta. Hapo usikimbilie kununua bado, chomeka kebo hiyo hiyo kwenye kifaa kingine chenye tundu la 3.5 utikise tena, kwa sababu adapta yenye tundu lililolegea nayo inahamisha tatizo hivyo hivyo na watu wengi wamebadilisha kebo bure kwa sababu hii. Kukatika kukibaki kulia hata baada ya kugeuza, basi soketi ya IEM ya kulia imelegea au kuna lehemu imeachia ndani, na hiyo hakuna kebo itakayoitibu, ni ya kupeleka kwa fundi anayefungua vitu vidogo vya sauti au kuirudisha kwa mtengenezaji kama dhamana bado ipo. Usiibandue mwenyewe kwa kisu, vigamba vya hizi IEM vimegandishwa kwa gundi na nyaya za ndani ni nyembamba kama unywele.

Ukiwa na multimita mambo yanakuwa rahisi zaidi. Iweke kwenye omu, gusanisha kwanza ncha zake mbili usome inasemaje, mara nyingi itakuonyesha 0.2 au 0.3 hivi, hizo ni za nyaya za mita yenyewe na utazitoa kwenye kila kipimo. Kebo ikiwa imechomolewa kwenye IEM, weka ncha moja kwenye jeki na nyingine kwenye pini ya upande wa sikio. Kwenye jeki ya 3.5 ile ncha kabisa ni kushoto, pete inayofuata ni kulia, na shina la mwisho ndo njia ya kurudi. Shikilia hapo huku mtu mwingine akiikunja kebo kidogokidogo. Namba ikitulia kebo ni nzima, namba ikiruka kutoka sifuri nukta ngapi mpaka tano, kumi, au ikapotea kabisa, hapo pana nyuzi zimekatika ndani. Mita za kawaida chini ya omu moja haziko sahihi sana lakini kwa kazi hii zinatosha, unachotafuta ni mruko.

Na huo mruko una maana nyingine. Kebo ya IEM sio waya mmoja, ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, na haziwezi kukatika zote siku moja. Zinaanza chache, ukinzani unapanda taratibu, sauti ya upande huo inapungua, na kwenye IEM kama zako zenye BA hata rangi ya sauti inaweza kusogea, nitaeleza kwa nini. Kwa hiyo sikatai kwamba kebo yako iliyochoka inaweza kuwa inachangia kwenye upande wa kulia. Ila wewe umesema sauti imefunikwa kote, na besi imepungua kote, hiyo dalili inatokea sehemu nyingine.

Angalia mdomo wa IEM, pale kwenye kichujio kidogo cha wavu. Tumia tochi ya simu na uangalie kwa karibu kabisa. Nta ya sikio ikikaa kwenye wavu, hata utando mwembamba ambao macho hayauoni vizuri, sauti za juu ndo zinaondoka kwanza, na ukipoteza sauti za juu waimbaji wanarudi nyuma na kila kitu kinakuwa kama ulivyokieleza wewe mwenyewe hapo. Unyevu nao unafanya hivyo hivyo, mtu anayetoka jasho au anayezitunza mfukoni. Shika IEM mdomo ukiwa umeangalia chini, pitisha brashi laini iliyo kavu ili uchafu udondoke nje usiingie ndani, usichome kwa sindano, usimimine spiriti wala kupuliza kwa mdomo. Halafu zilaze usiku kucha kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kama wavu umeziba kwelikweli, kwenye modeli nyingi unabadilishwa kwa bei ndogo sana.

Baada ya wavu njoo kwenye vile vimpira vya sikioni. Mimi nikiulizwa ni kitu gani kinabadilisha sauti ya IEM kuliko vyote kwa hela ndogo, nitasema vimpira, na sitasita. Draiva ya besi inategemea sikio lako liwe limezibwa kabisa, ule upenyo mdogo tu unaotoa hewa nje besi inamwagika, na sio kwa desibeli moja au mbili, inaweza ikashuka kumi na zaidi. Silikoni ikishatumika muda mrefu inalegea na kuteleza kwa mafuta ya ngozi, foamu inakakamaa haivimbi tena vizuri. Jaribu hivi, ukiwa unasikiliza wimbo wenye besi, sukuma IEM ndani kwa kidole polepole huku umefungua mdomo kidogo. Besi ikirudi, jibu umelipata. Na urefu wa kuingia nao una kazi yake: kwenye vipimo vinavyofanywa na sikio bandia la kawaida huwa panaonekana mlima wa sauti karibu na hetsi 8,000, na mlima huo unahama kadiri IEM inavyoingia ndani au kutoka nje, kwa hiyo saizi ya kimpira na umbo lake vinakubadilishia sauti za juu pia. Nunua saizi mbili tofauti, jaribu kila sikio na saizi yake maana masikio ya mtu mmoja hayalingani.

Sasa tuje kwenye kebo yenyewe na huu ubishi wa shaba na fedha. Kebo kazi yake ni moja tu, kupeleka umeme kutoka kwenye ampu iliyo ndani ya adapta mpaka kwenye draiva na kuurudisha. Njiani kuna mambo matatu yanayoweza kuugusa. Nyaya mbili zikikaa karibu zinahifadhi chaji kidogo kati yao, na waya wowote unapinga kidogo umeme unaobadilika harakaharaka, na kuna ukinzani wa kawaida wa waya. Hayo mawili ya kwanza kwa urefu wa mita 1.2 hayana nguvu ya kufanya lolote. Chukua kebo yenye uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 200, hata huko juu kabisa kwenye hetsi 20,000 ambako watu wazima wengi hawasikii tena, hiyo ni sawa na kuwa na njia ya pembeni yenye omu karibu 40,000 wakati draiva zako ziko kwenye omu 14, umeme hauna sababu ya kupitia huko. Na ile ya pili, ya kupinga umeme unaobadilika, maikrohenri moja kwenye masafa hayo hayo ni omu 0.13. Kwa hiyo kinachobaki cha kuongelea kwa dhati ni ukinzani.

Waya wa shaba wa milimita 0.32, ambao watengenezaji wanauandika AWG 28, una omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita 1.2 ihesabu kama mita 2.4, unapata nusu omu. Ukiongeza unene kidogo tu kwenda AWG 26 unashuka mpaka omu 0.32. Ukipunguza kwenda AWG 30 unapanda mpaka 0.8, na kebo nyembamba kama unayoielezea wewe inaweza kuwa huko au juu zaidi.

Hiyo tofauti inasikika? Inategemea ndani ya IEM kuna nini. Kama ingekuwa na draiva moja dainamiki, au zile za plana (zenye utando bapa), ukinzani wake unakuwa karibu ule ule kwenye masafa yote, kwa hiyo kebo yenye omu moja inapunguza sauti nzima kwa nusu desibeli hivi na basi, unaongeza volyumu kidogo umemaliza, rangi ya sauti haijaguswa. Lakini zako zina BA nne na vigawanya masafa ndani, na IEM za namna hiyo ukinzani wake unapanda na kushuka kulingana na masafa. Ile 14 iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa kwenye hetsi 1,000 peke yake. Tuseme kuna sehemu zinashuka mpaka omu 8 na sehemu zinapanda mpaka 32. Kebo ya omu moja itapunguza ile sehemu ya 8 kwa desibeli 1 na ile ya 32 kwa desibeli 0.3 tu, yaani sehemu mbili za muziki wako zimeachana kwa desibeli 0.75 hivi kuliko inavyotakiwa. Badilisha uweke kebo ya omu 0.3, kuachana kunakuwa robo desibeli. Umebadilisha sauti kwa nusu desibeli. Ni kitu cha kweli, mita inakiona, na sikio lililotulia linaweza kukihisi kama kimetokea kwenye eneo pana la masafa. Ila nusu desibeli haiondoi kitambaa mbele ya waimbaji.

Halafu angalia, hesabu hiyo hiyo inaihusu adapta yako pia, kwa sababu ampu nayo ina ukinzani wake wa kutokea, yaani wa pale umeme unapotokea, na unajumlishwa na wa kebo. Adapta nzuri ziko karibu na omu moja au chini yake. Ukichomeka IEM zako kwenye kifaa chenye omu 10, kama baadhi ya mixa na vifaa vya zamani, zile sehemu mbili za 8 na 32 zitaachana kwa karibu desibeli 5, na hiyo hata asiyejua muziki anaisikia. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba ukinzani wa kutokea usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa IEM, kwa hiyo kwa omu 14 tafuta chini ya 1.75, na kwa IEM zenye BA nyingi kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyokufaa. Kama adapta yako haijulikani ilikotoka, hela ya kebo ya fedha inunulie adapta bora kwanza.

Na hapa ndipo naomba unielewe vizuri kuhusu fedha kuleta sauti za juu. Kebo inapobadilisha rangi ya sauti inafanya hivyo kwa ukinzani wake, na ni IEM inayoamua badiliko litatokea wapi. IEM moja ukinzani wake unazama kwenye sauti za juu, nyingine unazama kwenye sauti za kati. Kebo ile ile ukiihamisha inaweza kuongeza mng'aro huku na kuupunguza kule. Sasa madini yatakuwaje na tabia moja kwenye IEM zote? Haiwezekani. Tena fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu. Kebo ya shaba ya omu 0.5 ukiitengeneza kwa fedha tupu, unene ule ule, inakuwa 0.47. Kwa zile namba zetu za 8 na 32 hiyo ni tofauti ya desibeli 0.02 hivi. Waya wa shaba ulionenepa kidogo unaipita fedha kwa mbali, kwa bei ndogo. Na kebo nyingi zinazouzwa kwa jina la fedha ni shaba iliyopakwa fedha juu, hata hiyo asilimia 6 huipati.

Watakwambia umeme wa masafa ya juu unakimbilia juu ya waya, kwa hiyo ule mpako wa fedha ndo unaobeba sauti za juu. Hilo jambo lipo kweli kwenye fizikia, ila kwenye shaba kwa hetsi 20,000 umeme unazama karibu milimita 0.47 kutoka juu, na waya wetu wa AWG 28 kutoka juu mpaka katikati ni milimita 0.16. Umeme umeshaujaza waya wote, hakuna juu wala chini. Kuhusu OCC na 6N, majina utakayoyaona kwenye matangazo ya kebo, OCC ni njia halali ya kumimina shaba iliyobuniwa na Profesa Atsumi Ohno wa Japani ili punje za madini ziwe ndefu, na 6N maana yake ni usafi wa asilimia 99.9999. Ni kazi nzuri ya kiwandani, lakini kwa joto la kawaida inapunguza ukinzani kwa kiasi ambacho kwenye mita 2.4 za waya huwezi kukitafuta sikioni. Na la kuichezea kebo saa mia ndo ifunguke, kebo haina kinachojongea ndani yake, hakuna cha kufunguka.

Najua kuna watu waaminifu kabisa, wenye masikio mazuri, watakwambia wamesikia tofauti kubwa. Nawaamini kwamba wamesikia kitu. Wakati wa kubadilisha kebo umetoa IEM masikioni na kuzirudisha, na kila zikirudi zinakaa tofauti kidogo, na kebo mpya yenye mkunjo mzuri wa sikio au uzito tofauti inaishikilia IEM kwa namna nyingine, sikio linazibwa vizuri zaidi, besi inaongezeka, hapo badiliko ni la kweli ila limepitia kwenye kimpira. Halafu kebo yenye ukinzani mdogo inapandisha sauti kidogo, na tangu Fletcher na Munson walivyochapisha vipimo vyao mwaka 1933 tunajua sauti ikiwa juu zaidi sikio linapata besi na sauti za juu kwa ukamilifu zaidi, kwa hiyo kilicho juu kidogo tu kinaonekana ni bora, hakionekani ni cha juu. Ongeza na kumbukumbu ya sikio, ambayo kwa vitu vidogo kama hivi inafifia kwa sekunde, wakati kubadilisha kebo kunachukua dakika nzima. Ukitaka kujipima kwa haki, mwombe rafiki abadilishe bila wewe kuona, volyumu ziwe zimesawazishwa kwa mita na sio kwa sikio, afanye mara kumi kwa kurusha sarafu na wewe uandike ni ipi. Ukipatia tisa kati ya kumi, bahati tupu ina nafasi kama moja kwa mia, hapo utakuwa na kitu cha kusema.

Balansi ya 4.4 sasa. Adapta yako ina 3.5 tu, kwa hiyo kwa leo haikuhusu. Kinachotokea kwenye balansi ni kwamba kila upande unapata ampu mbili zinazovuta kinyume, volti zinaweza kufika mara mbili, desibeli 6 zaidi. Ni msaada kwa hedifoni kubwa zenye kiu ya nguvu. IEM zenye BA huwa ni nyepesi kuendesha, hiyo nguvu hutaitumia, badala yake unaweza kuanza kusikia mvumo mdogo nyuma ya muziki, na ukinzani wa kutokea mara nyingi unakuwa mkubwa kuliko wa tundu la 3.5 la kifaa hicho hicho. Faida moja ya kweli ni kwamba njia za kurudi za kushoto na kulia hazichangiwi, kwa hiyo pande mbili hazivujiani. Lakini kwenye 3.5 pia unaipata sehemu kubwa ya faida hiyo ukichagua kebo yenye nyaya nne zinazofika zote mpaka kwenye jeki, badala ya zile zinazounganisha njia ya kurudi pale zinapogawanyika. Ushauri wangu chukua kebo yenye jeki za kubadilisha, leo tumia 3.5, ukija kununua kifaa chenye 4.4 unabadilisha kichwa tu. Jeki ya balansi ya milimita 2.5 sikushauri, ni nyembamba inavunjika na vifaa vipya vingi vimeiacha. Na tafadhali, usije ukachomeka kebo ya 3.5 kwenye tundu la balansi kwa kupitia kiunganishi, inaunganisha hasi za ampu mbili pamoja na unaweza kuunguza kifaa. Kinyume chake, kebo ya 4.4 kwenda tundu la 3.5 kwa kiunganishi, hiyo ni salama.

Kwa hiyo ukiwa unachagua, cha kwanza kabisa jua soketi ya IEM zako. Kuna pini mbili za milimita 0.78, kuna pini mbili za milimita 0.75, kuna QDC yenye kofia inayofunika soketi, kuna MMCX ya kubofya ambayo inazunguka. Pini ya 0.78 ukiisukuma kwenye soketi ya 0.75 itaingia, ila inaipanua soketi na siku nyingine kebo sahihi itakuwa inalegea. Kama soketi imezama ndani ya kigamba hakikisha mdomo wa kebo nao ni mwembamba wa kufika chini. Kwenye pini mbili angalia chanya na hasi, ukigeuza upande mmoja sauti ya katikati inapotea na besi inakuwa hafifu, wengi wakikutana na hilo wanadhani kebo mpya ni mbaya kumbe wameigeuza tu. MMCX usiichezee kuizungusha, vuta moja kwa moja ukiwa umeshika mdomo, usivute waya.

Baada ya hapo tafuta shaba ya AWG 28 au nene zaidi kidogo, laini, isiyojikunja yenyewe, na nyepesi. Hizi kebo nene zenye nyuzi nane au kumi na sita zinapendeza kwenye picha lakini uzito wake unavuta IEM chini siku nzima na sikio halizibwi tena vizuri, yaani unapoteza besi kwa kufuata besi. Sugua kebo na nguo ukiwa umevaa usikie kelele zake, kebo ngumu inapeleka kila mguso sikioni, na kuipitisha juu ya sikio na kukaza kile kishikio cha chini ya kidevu kunapunguza sana. Angalia kale kampira kanakotoka kwenye jeki, kawe kanakunjika, kakiwa kagumu kama jiwe waya utakatika hapo hapo. Zipo pia kebo zenye USB-C na DAC (chipu inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) ndani ya kichwa chake, hizo kweli zinaweza kubadilisha sauti waziwazi kwa sababu zina ampu na wakati mwingine ikwalaiza ndani, ni chaguo zuri kwa mtu wa simu, ila ikifa chipu imekufa na kebo.

Na kama wavu ni msafi, vimpira ni vipya, kebo ni nzima, na bado unataka besi zaidi, fungua ikwalaiza kwenye simu. Panda desibeli 3 kuanzia hetsi 100 kushuka chini, na ushushe volyumu ya jumla ya ikwalaiza kwa desibeli 3 hizo hizo ili sauti isipasuke. Hakuna kebo duniani itakayokupa desibeli 3 za besi peke yake, na hii ni bure.

Kuna kipimo kimoja nilikiacha makusudi mwishoni kwa sababu hakihusu vifaa. Vaa IEM ya kushoto kwenye sikio la kulia na ya kulia kwenye la kushoto. Kama kufunikwa kunabaki kwenye sikio lile lile bila kujali IEM gani imeingia, basi ni sikio, na inaweza kuwa nta imeganda ndani kutokana na kusukumwa na hizi IEM kila siku. Nenda kwa daktari wa masikio aitoe, usichokonoe kwa pamba wala kijiti. Kama kuna mlio usioisha, sikio kujaa, au unajikuta unapandisha volyumu kuliko zamani, omba upimwe usikivu. Na usikivu ukipotea ghafla kwenye sikio moja, ndani ya saa au siku chache, hiyo usisubiri wiki ijayo, nenda siku hiyo hiyo kwa sababu matibabu yake yanategemea kuwahi. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na IEM zilizoziba vizuri zina faida hapa, kelele za nje zinakuwa chini na wewe huna haja ya kupandisha.

Kebo yako ya sasa usiitupe. Ukipima ukakuta imekatika sentimita chache kutoka kwenye jeki, na mara nyingi ndo inakuwa hapo, fundi anaikata, anaweka jeki mpya na unabaki na kebo ya akiba. Mwambie tu mapema kwamba nyuzi zake huenda zimepakwa vanishi, kwa hiyo lazima aichome kwanza kwa lehemu mpaka shaba ing'ae ndo aunganishe, akiruka hapo lehemu itashika kwa juu juu na utaanza kukatikiwa tena.